Tupa chungwa mtoni: namna ya kukagua tuta la mafuriko kwa niaba ya samoni

Mimi nalala nyuma ya tuta, ule ukingo wa udongo na mawe ulioinuliwa kando ya mto kuzuia mafuriko. Naanza na hilo usije ukadhani anayeandika hapa anataka mito iachwe itembee inavyopenda huku watu wakibeba magodoro kichwani. Ghala ninalofanyia kazi usiku hapa Kent, kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, limejengwa pale ambapo Mto Green ulikuwa ukijimwaga kila msimu wa mvua. Nyumba ninayopanga, shule ya wanangu, duka tunakonunua unga na mchele, vyote viko juu ya ardhi ya mto. Tuta likikatika, ajira yangu inaelea.

Ila nimezaliwa Rufiji, na mtu wa Rufiji hawezi kuuona mto uliobanwa pande mbili asijiulize samaki wanakula wapi. Kwetu maji yakipanda, kambale na perege huingia mashambani na kwenye madimbwi, wakala na kuzaa, na maji yakishuka tulikuwa tunawangoja na migono. Babu yangu hakuyaita maji yale mafuriko mpaka yaingie ndani ya nyumba. Kabla ya hapo yalikuwa maji tu.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: unaishi karibu na mto wenye matuta kwenye pwani hii ya Pasifiki, huna shahada ya samaki, na una Jumamosi moja. Nitakuonyesha namna ya kutembea juu ya tuta ukajua linawafanya nini samoni wa asili, yaani wale wanaotagwa mtoni, si wanaototolewa kwenye vituo. Kisha nitakuambia pa kuyapeleka uliyoyaona.

Mjue unayemkagulia

Samoni hutagwa kwenye kokoto za mto, hukua kidogo kwenye maji baridi, huteremka baharini akakaa huko miaka, halafu hurudi kwenye mto uleule kutaga na kufa. Hayo utayasoma popote. Wewe unayekagua tuta shughulika na kipindi kimoja tu: miezi ambayo samaki huyo ana urefu wa kidole.

Katika Mto Green, chinuki, ambaye ndiye mkubwa kuliko samoni wote, huanza kupanda mto Agosti na hutaga kati ya Septemba na Novemba. Vifaranga wake huchomoza kwenye kokoto kuanzia Januari hivi. Koho, aina nyingine ya samoni, hutaga baadaye kidogo, na kifaranga chake hukaa mtoni mwaka mzima na zaidi kabla ya kwenda baharini. Sasa iweke kalenda hiyo kando ya kalenda ya mvua. Mvua kubwa za huku, zile zinazoletwa na ukanda mrefu wa unyevu kutoka bahari ya joto ambao watu wa hali ya hewa wanauita mto wa angani, hupiga zaidi Novemba hadi Februari. Maana yake mto unakuwa mkali kuliko wakati wote pale ambapo mayai ya mwaka huu yako kwenye kokoto na watoto wa koho wa mwaka jana wangali majini.

Zamani maji yakipanda, kifaranga alikuwa na pa kukimbilia: vijito vya pembeni, madimbwi, msitu uliokwisha kufunikwa na maji. Huko maji hayana haraka na wadudu ni tele. Kule California kuna Yolo Bypass, bonde kubwa la mashamba karibu na Sacramento lililotengwa ili mafuriko yapitie humo badala ya kuingia mjini. Watafiti walikuta kwamba vifaranga wa chinuki waliokaa kwenye maji yaliyotanda mashambani walikua haraka kuliko wenzao waliobaki mtoni. Utafiti huo ulichapishwa 2001. Nilipousoma nilimpigia simu mjomba, Utete. "Mjomba, shikamoo. Wamarekani wamegundua kwamba samaki hunenepa shambani." Akaitikia marahaba, akaniuliza walilipwa kiasi gani.

Tuta huikata njia hiyo ya pembeni. Dhara lake kubwa ndilo hilo. Mengine nitakayokuonyesha yanatoka humo.

Historia nitaipitia haraka, kwa sababu ukiijua utaacha kulaumu tuta moja. Mwaka 1906 mafuriko yaliuhamisha Mto White, uliokuwa ukiingia kwenye mto wetu, ukaelekea Mto Puyallup, na watu wakahakikisha haurudi. Mwaka 1912 Mto Cedar ukageuzwa ukaingia Ziwa Washington. Mwaka 1916 ziwa lenyewe likashushwa karibu mita 2.7 kwa ajili ya mfereji wa meli, na Mto Black uliokuwa ukitoka ziwani kuja kwenye mto wetu ukakauka. Samaki wakabaki kwenye madimbwi, watu wakiwajaza magunia. Bonde linaloulisha mto wetu likapungua kwa karibu asilimia 70 ndani ya miaka kumi. Mlango wa mto, unaoitwa Duwamish, ukachimbwa na kunyooshwa kwa ajili ya bandari na viwanda, na vinamasi vya maji ya chumvi vya pale vikatoweka karibu vyote. Halafu yakaja matuta tunayoyaona leo, na mwaka 1961 bwawa la Howard Hanson kule milimani. Ilipofika 1999, chinuki wa Puget Sound, ghuba ambamo mto wetu unamwagia maji, waliwekwa kwenye orodha ya kitaifa ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo jambo la kwanza la kisheria: usimshike samaki, hata kwa kumwonea huruma.

Cha kubeba

Viatu vya mpira vyenye soli ya kushika. Kipimajoto cha maji, kile cha kufunga kwa kamba. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Bila hiyo utaona mawingu na uso wako tu. Simu yenye chaji. Machungwa matatu. Na mtu wa pili.

Mtu wa pili si pambo. Mawe ya tuta yana utelezi, na maji ya Januari yanakukata pumzi kabla hujakumbuka kuogelea. Hakuna hata kipimo kimoja humu kinachokutaka uingie mtoni. Na pale kwenye maji mafupi ukiona kiraka cha kokoto safi, zenye rangi hafifu kuliko za jirani, kama mtu amezifagia, hicho ni kitanda cha mayai. Kaa mbali nacho.

Soma mto kabla ya kwenda

Idara ya Jiolojia ya Marekani ina kipimo cha maji karibu na mji wa Auburn, na namba zake zinaonekana kwenye simu saa yoyote. Zimeandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Wanaoliendesha bwawa la Hanson hujitahidi mto usizidi futi za ujazo 12,000 kwa sekunde pale Auburn, ambazo ni kama mita za ujazo 340. Shika namba hiyo kichwani kama dari ya nyumba.

Nenda mara mbili: siku moja ya Agosti maji yakiwa machache, na siku moja ya Desemba au Januari maji yakiwa yamepanda kiasi. Kwenda mara moja hakutoshi, kwa sababu mahali pamoja panakuwa mito miwili tofauti. Mimi mwaka wa kwanza nilikagua kiangazi tu. Nikapaona pazuri, nikaandika "pazuri" kwenye daftari, na nilipopita Desemba nikakuta pale pazuri pangu pako chini ya maji yanayokimbia kama lori. Ila maji yakishafika kwenye nyasi za tuta, au kaunti ikitangaza tahadhari, baki nyumbani. Siku hiyo tuta linafanya kazi yake na halihitaji mgeni.

Chungwa

Hapa ndipo penye uhondo, kwa hiyo vumilia nikawie kidogo.

Chagua kipande cha tuta cha mita mia mbili hivi. Tafuta ndani yake sehemu tatu: moja yenye mawe makubwa yaliyopangwa ukutani, moja yenye miti au magogo yaliyoangukia majini, na moja ambapo ukingo umeinama taratibu. Sehemu nyingi za mto wetu hutaipata hiyo ya tatu, na kutoipata ni jibu tosha. Iandike.

Kila sehemu, pima kwa hatua mita kumi kando ya maji, mwenzako asimame mwisho. Tupa chungwa karibu na ukingo, kiasi cha urefu wa mkono wako kutoka kwenye mawe. Usilitupe katikati, kifaranga haishi katikati. Hesabu sekunde. Chungwa linafaa kwa sababu karibu lote huzama, kwa hiyo linakwenda na maji, halisukumwi na upepo kama chupa tupu. Rangi yake inaonekana mbali. Na likipotea hujachafua kitu.

Likifika kwa mwenzako chini ya sekunde ishirini, maji yanakwenda zaidi ya nusu mita kwa sekunde, na kwa samaki mwenye urefu wa kidole hiyo ni mbio. Atapigana nayo kidogo kisha atachukuliwa. Sekunde arobaini ni afadhali. Chungwa likizunguka nyuma ya gogo lisitoke, umepata chumba.

Sasa linganisha. Kwenye mawe yaliyopangwa utaona chungwa linateleza kana kwamba limepakwa mafuta. Mawe hayo yaliwekwa ili mto usile ukingo, na kazi hiyo yanaifanya. Ila ukingo usiolika hauangushi miti, na mti usioanguka hautengenezi kona ya maji yaliyotulia. Mto ulionyooka na kubanwa unakwenda kasi zaidi, unachimba chini zaidi, na ukishachimba unazidi kuwa mbali na bonde lake. Mwenye tuta la ng'ambo anaona mto unamgonga kwa nguvu mpya, anaongeza mawe yake. Ni kama majirani wawili wanaoshindana kuongeza sauti ya redio.

Fanya hivyo mara tatu kila sehemu, chukua wastani, piga picha. Simama mahali palepale kila mara. Mimi natumia nguzo moja ya taa ya njia ya baiskeli. Picha mbili za mahali pamoja, ya Agosti na ya Desemba, zimewahi kunisaidia kwenye mkutano kuliko maneno yangu yote.

Na maji yakishuka ghafla baada ya kupanda, tazama vidimbwi vilivyobaki kwenye kokoto. Bwawa likipunguza maji haraka, vifaranga hunaswa humo. Usiwachote. Piga picha, andika saa, ipigie idara ya samaki ya jimbo.

Milango ya chuma

Nyuma ya tuta kuna vijito vidogo na mitaro, na maji yake lazima yatokee mahali. Wahandisi walipitisha bomba au kalvati chini ya tuta, na upande wa mto wakaning'iniza kifuniko cha chuma kwa bawaba za juu. Kijito kikiwa na nguvu hukisukuma kifuniko kikafunguka. Mto ukipanda hukibana, maji yake yasirudi nyuma kuja kwenye ghala letu. Hakuna umeme, hakuna mlinzi. Kwa mwenye ghala ni akili tupu.

Kwa kifaranga ni kibanda cha abiria kinachofungwa mvua ikianza. Saa ileile anapotaka kukimbilia kijito, ndipo kifuniko kinapogoma. Na hata siku za kawaida kinafunguka upenyo mwembamba tu, maji yanachomoka hapo kwa kasi asiyoiweza. Nyuma ya milango hiyo kuna maeneo mazuri ya koho yaliyo hai, yana maji, yana kivuli, na hayana koho.

Namna ya kuitafuta: tembea juu ya tuta ukitazama uzio mfupi wa chuma, kizimba cha saruji, au gurudumu la kufungulia. Upande wa nchi kavu utaona mtaro unaoishia kwenye wavu. Ukiipata, jibu haya. Bawaba ziko juu au pembeni? Mlango wenye bawaba za pembeni hufunguka zaidi na kwa nguvu kidogo. Kifuniko ni chuma kizito au kitu chepesi? Kuna boya limefungwa? Ipo milango yenye maboya inayobaki wazi mpaka maji yafike kimo kilichopangwa, ndipo inajifunga. Hiyo ndiyo ya kuiombea. Maji yanayotoka bombani yanaanguka kutoka juu, au yanakutana na mto sawasawa? Wakaguzi wa jimbo huihesabu kalvati kuwa kizuizi anguko likizidi sentimita 24, hata kwa samaki wakubwa. Mkono wako ulionyooshwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, ni karibu hapo. Mimi natumia shubiri.

Usiuguse mlango. Kuna watu wamelala nyuma yake, na mmoja ni mimi.

Pampu nitazipitia juujuu kwa sababu huwezi kuzikagua ukiwa nje ya uzio. Renton kuna kituo cha pampu cha Mto Black, cha miaka ya mwanzo ya 1970, kinachoyasukuma maji ya kijito yaingie mtoni mto ukiwa juu. Kilijengwa na vifaa vya kupitishia samaki kwa akili ya wakati ule, na umri wake unaonekana. Popote utakapokuta pampu, maswali ni mawili: kuna chujio la kumzuia kifaranga asiingie kwenye mapanga? Na siku zisizo na mafuriko, samaki anapitia wapi?

Kivuli

Hapa Mswahili lazima ajifunze upya. Rufiji jua linakuja kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine, kwa hiyo hatuna desturi ya kuuliza mti uko upande gani wa mto. Huku, nyuzi 47 kaskazini ya ikweta, jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mti ulio ukingo wa kaskazini unatia kivuli kwenye nyasi. Mti ulio ukingo wa kusini unatia kivuli majini. Na wa magharibi unalikinga jua la alasiri, lile kali la Julai.

Teremsha kipimajoto saa tisa au kumi alasiri ya siku ya joto, penye maji yanayotembea, dakika tatu. Hadi nyuzi 16 samaki hana malalamiko. Yakizidi 20 samoni wakubwa husita kupanda na magonjwa huwapata kwa urahisi. Yakikaribia 23 kwa siku kadhaa wanaweza kufa. Pima penye miti na pasipo miti, uandike vyote.

Kwa nini tuta halina miti? Hapa kuna kisa. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, kilichobomoa matuta kule New Orleans, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilikaza masharti, na mwongozo wake wa 2009 ukataka kusiwe na kitu zaidi ya nyasi hadi futi 15 kutoka kwenye tuta, hofu yao ikiwa mizizi na miti inayong'oka. Ofisi ya Seattle iliruhusu miti myembamba, kipenyo hadi inchi 4. Ambaye hakufuata alijiweka hatarini kukosa fedha za serikali kuu za kukarabati tuta lake. Kwa hiyo sheria moja ilitaka kivuli kwa ajili ya samaki, nyingine ikataka mti ukatwe kabla haujawa mti. Baadaye masharti yalilegezwa, ila mti uliokatwa ukiwa kijana haurudi kwa barua.

Juu kwenye bwawa

Huwezi kulikagua bwawa la Hanson kwa chungwa, lakini lijue. Lilijengwa kwa ajili ya mafuriko na linayapunguza kweli. Bila hilo maji makubwa yangeng'oa kokoto pamoja na mayai mara nyingi zaidi. Sikubaliani na wanaosema lina ubaya tu. Ila linashika pia kokoto na magogo yaliyokuwa yakiteremka, mpaka kokoto zinaletwa kwa malori na kumwagwa chini yake ili samaki wapate pa kutagia. Na juu yake kuna mto mzuri wa baridi usio na samoni wa asili wa kutoka baharini. Waliozuia njia kwanza si Hanson. Ni kizuizi cha maji ya bomba ya mji wa Tacoma, chini kidogo, tangu 1913. Sasa hapo kuna jengo la kukamatia samaki wakubwa ili wapandishwe kwa gari. Shida ni watoto wao: wakizaliwa kule juu, hawana njia salama ya kushuka kupita bwawani. Kumpandisha mama bila njia ya mtoto kushuka ni kazi bure, ndiyo maana kila mtu anasubiri.

Ukikuta samaki wamekufa

Oktoba yangu ya kwanza nilikuta samoni wakubwa kumi na kitu wamekufa ukingoni, wananuka, ndege wanawadonoa. Nikapiga simu ofisi fulani kuripoti sumu, na sauti juu. Dada aliyepokea hakucheka, ila nilimsikia anavyojizuia. Samoni akishataga hufa. Mzoga wake hulisha mto.

Kipimo ni hiki: tazama mkia wa jike. Kama umechakaa, umekuwa mweupe kwa kuchimba kokoto, na tumbo limesinyaa, amemaliza kazi. Kama ni koho, mkia mzima, tumbo limejaa mayai, ana shida, hasa baada ya mvua ya kwanza kwenye kijito cha mjini. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa hapa walionyesha kwamba kemikali inayotoka kwenye matairi ya magari na kuoshwa na mvua inaua koho kwa saa chache. Hilo ripoti.

Pa kuyapeleka

Usiende mkutanoni kusema "ondoeni tuta." Mimi nilisema. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Uvira, akasimama nyuma yangu akasema kwa Kiswahili chake cha upole: "Baba, mimi nilishakimbia vita, sitaki tena kukimbia maji." Nikakaa chini. Alikuwa na haki, na tangu siku ile najua la kuomba: tuta lisogezwe nyuma. Tuta likirudi mita kadhaa kutoka mtoni, mto unapata chumba cha kujitandaza, maji yanashuka kimo, watu wanalindwa vizuri zaidi, na kifaranga anapata shamba lake. Imefanyika: Reddington pale Auburn, na Lower Russell hapa Kent, ambapo walichimba pia maji ya pembeni na kutia magogo. Ni ghali kwa sababu ardhi ya bonde hili ni ghali, na mahali pengine ghala liko karibu na mto kiasi kwamba hakuna pa kurudi. Hapo omba ukingo wa chini uliolegea, wenye mierebi na magogo, badala ya ukuta wa mawe.

Sema mapema. Michoro ya wahandisi hupita hatua: asilimia 30, 60, 90. Kwenye 30 bado wanaweza kusogeza mstari. Kwenye 90 watakushukuru kwa maoni yako. Omba mkalimani wa Kiswahili wiki mbili kabla hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Mama wa Uvira naye anataka kusikia. Na wataalamu wa kabila la Muckleshoot, wenyeji wa asili wa bonde hili, wakizungumza, sikiliza. Mahakama ilithibitisha mwaka 1974 kwamba makabila ya wenyeji yaliyowekeana mikataba na serikali ya Marekani yana haki ya nusu ya samaki wanaovuliwa, na wao huja na vipimo vya joto vya miaka mingi, si vya machungwa.

Ukitaka kushika jembe, miji ya Kent na Tukwila huwa na siku za kupanda miti. Usipande peke yako juu ya tuta, watang'oa. Majira ya baridi mtapewa fito za mierebi mchomeke ardhini, kama shina la muhogo. Tofauti ni kwamba muhogo unakusamehe. Mierebi lazima macho yatazame juu, ncha nene iende chini, theluthi mbili ndani ya udongo. Mwaka wa kwanza nilichomeka ishirini kichwa chini, kwa haraka na kwa kiburi cha mkulima. Kiongozi wetu, binti wa miaka kama kumi na tisa, alizing'oa moja moja bila kusema neno.

Januari iliyopita nilirudi Lower Russell na mwanangu wa kiume, machungwa mfukoni. Maji yalikuwa yamepanda, ya rangi ya chai ya maziwa, mto mkuu unavuma. Akatupa lake kwenye maji ya pembeni, nyuma ya magogo. Likazunguka. Akahesabu mpaka mia mbili na kumi, akachoka, akaniuliza kama tunaweza kuliacha humo. Nikaandika kwenye daftari: halijatoka.